Mzee Bomba Anywa wa Kwanza

Asifiwe Mungu aliyeumba maji kabla hajaumba kinywa cha kujisifu. Asifiwe kwa chemchemi ya mlima wetu, kwa maziwa ya ng'ombe (nitaeleza kwa nini nayataja maziwa), na kwa jinsi anavyotuvumilia sisi wazee. Amina.

Leo nimeumbuka.

Tena si kidogo. Nimeumbuka mbele ya kwaya, mbele ya Bwana Afya, na mbele ya Mzee Sikombe, jirani yangu na mtani wangu, ambaye atalisimulia jambo hili mpaka siku ya maziko yangu, na hata siku hiyo sidhani kama atanyamaza. Naandika jua likiwa bado juu na tumbo likiwa bado linanguruma, ili ninyi ndugu zangu wa makanisa ya jirani mlisikie kutoka kwangu kabla halijawafikia kutoka kwake.

Nianze na bomba lenyewe.

Kijijini kwetu, hapa juu ya barabara itokayo Vwawa kwenda Tunduma, tumekuwa tukichota maji mtoni, pale ng'ombe wanapovukia. Mnapajua. Mvua ikinyesha maji yanakuwa mekundu, na watoto wanaharisha. Masika yaliyopita tulimzika Anna, mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa mwanangu Elia na mkewe Tabita. Tumbo lilimshika ghafla, na Jumapili haikumkuta. Baada ya maziko nilikaa nikautazama mtungi wetu wa maji, uchafu umetulia chini yake kama mboji, nikasema: Bwana, ukinipa njia, mtoto mwingine wa nyumba hii hatakunywa maji ya kwato.

Akanipa njia. Mpwa wangu, anayefanya kazi katika migodi ya shaba ng'ambo ya Rodesia, aliniletea mabomba ya chuma kwa lori mpaka Tunduma, na kutoka Tunduma tukayaleta kwa ng'ombe na kwa mabega. Akaleta na lile la kufungulia maji, lenye shingo iliyopinda. "Ee mukwai, mjomba," akaniambia kwa adabu za huko ng'ambo, "hili likianza kutoa maji, mto mtausahau." Tukachimba mtaro kutoka kwenye chemchemi, juu ya mashamba ya kahawa, hadi uani kwangu. Nilichimba na mimi, kwa mgongo huu huu.

Hapo ndipo watu walipoanza kuniita Mzee Bomba.

(Nilijidai kwamba silipendi jina hilo. Nilipenda sana. Ikafika mahali mtu akiniita Yeremia, jina langu la ubatizo, nachelewa kuitika.)

Sasa sikilizeni, maana matatizo yameanzia hapa. Kwetu mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake, wala hasimami naye uso kwa uso. Jina la mzee likifanana na kitu, kitu hicho mkamwana anakitafutia jina jingine. Babu yangu aliitwa Mvula, yaani mvua, na mama yangu aliyeolewa katika nyumba hiyo alisema "maji ya juu" mpaka akazeeka. Basi siku niliyoanza kuitwa Mzee Bomba, Tabita, ambaye amelelewa vizuri, akaliacha neno bomba kabisa. Bomba la uani likawa "lile la shingo iliyopinda." Na kumbukeni, kwetu bomba si moja. La kupitishia maji ni bomba. La kufungulia maji ni bomba. La kupulizia dawa kwenye kahawa, analobeba Elia mgongoni, nalo ni bomba. Hata ile dawa ya buluu ya kahawa tunaiita dawa ya bomba. Mwanamke wa watu akabaki na nusu ya vitu vya nyumba hii havina majina.

Mchungaji wetu amesema mara nyingi kwamba desturi hii haitufungi. Na wazee wetu waliacha njia ya kuimaliza: baba mkwe anampa mkamwana kuku mbele ya watu, na mdomo wake unafunguliwa. Kuku mmoja tu! Kuku ninao, wanazagaa mpaka sebuleni. Lakini heshima ni tamu, ndugu zangu. Kila nilipomsikia Tabita akizunguka neno kama anazunguka tope, nilitabasamu. Nikasema nitampa kuku wake Krismasi. (Krismasi ipi, sikusema.)

Haya. Jana jioni.

Mabomba ya mpwa wangu yalipungukiwa kidogo kufika uani. Pengo si kubwa, hatua chache tu. Nilikuwa nimenunua mpira mpya wa kuliziba pengo hilo, nikautundika ukutani ghalani. Nikamwita Elia, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi shambani.

"Elia, niletee mpira wa bomba."

Kijana ametoka kupulizia kahawa kutwa. Kwake bomba ni lile la mgongoni. Akaniletea mpira wa bomba. Alichosikia ndicho alichofanya, simlaumu.

Nikaupokea. Nikaona kitu cha buluu kimeganda ndani ya mdomo wake. Nikafikiri kidogo. Nikasema moyoni, hiyo ni rangi ya kiwandani, Wazungu wanapenda kupaka rangi kila kitu. (Mungu anisamehe. Nina miwani, ilikuwa mfukoni.) Nikaufunga mwenyewe kwa vipande vya mpira wa baiskeli, ncha moja kwenye chuma cha chemchemi, ncha ya pili kwenye lile la shingo iliyopinda. Nikaruhusu maji yashuke hadi uani, lakini sikulifungua bomba. Nilitaka tone la kwanza lionekane mbele ya wageni. Maji yakalala ndani ya mpira ule usiku kucha.

Leo asubuhi wageni wakaja.

Wageni hawa hawakuja kula tu. Watu wa hapa walikuwa wamegawanyika. Mzee Sikombe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema kwamba ndani ya maji ya chuma mna dawa, na aliposema dawa hakumaanisha ya hospitali. Watu wakakubaliana naye hivi: Mzee Bomba anywe wa kwanza, hadharani. Akiwa mzima mpaka jioni, kijiji kitakunywa. Akipata lolote, tunabaki na mto wetu. Na Bwana Afya, yule kijana wa bomani anayekagua vyoo na visima, alikuwa ameahidi kuja kushuhudia. Akiona watu wanayatumia maji, ataomba bomani wapewe mabomba na wale wa kitongoji cha chini, ambao watoto wao wanaumwa kuliko wa kwetu. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa juu ya kinywa changu. Nilikiosha vizuri.

Elia akaondoka mapema na baiskeli kumpokea Bwana Afya barabarani. Mimi nikavaa koti la Pasaka. Nikakaa kwenye kiti karibu na bomba, nikapokea salamu kama chifu.

Nikiwa pale nikamsikia Tabita nyuma ya jiko akimsemesha kuku kwa sauti kubwa.

"Wewe kuku! Usiguse maji yale! Elia hajarudi! Kuku mwenye akili anasubiri!"

Nikaendelea kupokea salamu. Akaongeza sauti.

"Kuku! Nasema na wewe kuku! Subiri!"

Nikakunja uso. Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri ananikumbusha kuku wake. Leo, mbele ya wageni! Nikamwambia mke wangu, Mama Elia, aliyekuwa anapita na sufuria, "Mwambie mkwe wako, kuku wake nitampa. Asinidai kwa kelele."

Mama Elia akacheka, akaendelea na sufuria yake.

Bwana Afya akafika. Kaptula imenyooshwa, soksi ndefu nyeupe mpaka magotini. (Zikumbukeni hizo soksi.) Elia naye akaenda kuegesha baiskeli nyuma ya kanisa, akazuiwa huko na wenzake wa kwaya, ambao walikuwa wamekosa mtu wa sauti ya nne. Wakaja wanaimba. Watu wakajaa uani. Sikombe akasimama mbele kabisa, mikono nyuma.

"Yeremia," akasema, "maji yasiyoona jua ni maji ya kaburini."

"Na yale yanayoliona jua kwenye kwato za ng'ombe wako, hayo ni ya wapi?"

Watu wakacheka. Nikajiona ninashinda.

Nikaomba. Nikaomba kwa kirefu kidogo. Nikamshukuru Mungu kwa chuma, kwa Rodesia, kwa mpwa wangu, na nadhani nikajishukuru na mimi bila kujitaja. Kisha nikafungua bomba. Likakohoa. Likatema hewa. Maji yakatoka! Wanawake wakapiga vigelegele. Nikajaza kikombe changu cha bati, ambacho ndani yake kina rangi ya buluu, kwa hiyo hata kama maji yangekuwa ya buluu kama anga, nisingeona. Na ndoo ikawekwa chini ya bomba ijae, kwa ajili ya watoto, ambao walikuwa wamepangwa mstari kunywa baada yangu.

Nikanywa.

Ndugu zangu, mmewahi kulamba shoka? Ulimi ulijikunja wenyewe. Lakini watu walikuwa wananitazama, na Sikombe alikuwa amenyoosha shingo kama jogoo. Ningetema, mto umeshinda. Nikameza. Nikatabasamu. Nikasema kwa sauti:

"Maji ya bomba yana ladha ya bomba! Hiyo ndiyo afya yenyewe!"

"Mbona unafumba jicho moja?" akauliza Sikombe.

"Nashukuru kwa jicho hilo."

Ndipo Mama Elia akaja mbio kutoka jikoni, akaniinamia sikioni. Kwaya ilikuwa imeanza tena, na sauti ya nne ya Elia inavuma kama ng'ombe.

"Tabita anasema usinywe kwanza. Anasema lile la shingo limefungwa utumbo wa yule wa mgongoni."

"Anasema nini?"

"Utumbo! Wa yule wa mgongoni!"

Nani yuko mgongoni kwa Tabita? Mjukuu wangu Samweli, aliyezaliwa baada ya Anna. Nikasikia utumbo, nikasikia mgongoni. Mtoto anaumwa tumbo! Ameanza kama dada yake! Mambo ya shingo nilidhani ni shingo ya mtoto, imekaza kwa homa.

Nikainua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Ndugu zangu," nikasema, na machozi yalikuwa ya kweli, "nimeletewa habari sasa hivi kwamba mjukuu wangu anaumwa tumbo. Ni maji ya mto hayo! Ni yale yale yaliyomchukua Anna! Na bado mnanisubiri mpaka jioni? Tazameni!"

Nikajaza kikombe cha pili. Nikanywa chote. Watu wakaguswa, hata Sikombe akavua kofia.

(Hili ndilo linaloniuma mpaka sasa, kuliko tumbo. Mwanamke alinitumia onyo, nami nikaligeuza hotuba.)

Nilikuwa najaza cha tatu wakati Tabita alipotoka jikoni.

Hajawahi kutoka mbele yangu hivyo. Nguo ya kichwani imeanguka, mtoto anarukaruka mgongoni, mzima kabisa, anacheka. Tabita akaja moja kwa moja katikati ya uwanja, akanitazama machoni, akapaza sauti:

"Bomba! Baba, bomba! Bomba!"

Uwanja mzima ukaguta. Mkamwana amelitaja jina la baba mkwe! Mara tatu! Mbele ya kanisa! Mama mmoja mzee akaziba masikio. Na mimi, mzee wa kanisa, niliyehubiri juu ya upole Jumapili iliyopita, nilipandwa na hasira. Nikaona heshima yangu imevunjwa kama chungu. Nikamwangalia Tabita, na kwa makusudi, ili ajue kwamba hakuna wa kunizuia nyumbani kwangu, nikanywa kikombe cha tatu taratibu, nikimtazama.

Yeye hakunisubiri. Mtoto wa kwanza kwenye mstari alikuwa ameinama na kata yake juu ya ndoo. Tabita akaipiga ndoo teke. Ikabiringika, maji yote chini.

Nikasimama nimkemee. Nilikuwa na maneno mazito tayari. Nikafungua kinywa.

Kilichotoka si maneno.

Kilitoka kwa nguvu za Samsoni. Kilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona ikitoka kwa mwanadamu, kati ya majani na anga. Na Bwana Afya, ambaye alikuwa amesogea mbele kunishika mkono, alikipokea chote kwenye soksi.

Soksi za Serikali!

Sikombe akasema polepole: "Na hiyo nayo ni afya yenyewe?"

Nilikuwa nimepiga magoti, na si kwa maombi. (Ingawa niliomba.) Nikatapika kwenye maua ya Mama Elia, nikatapika kwenye kiti changu cha chifu. Elia akanishika mabega. Bwana Afya, Mungu ambariki kijana yule, hakutazama soksi. Alitazama kilichokuwa chini, akakagua mdomo wa bomba, akapaza sauti: "Maziwa! Leteni maziwa, mengi! Mzee huyu amekunywa mrututu!"

"Mrututu ni nini?" watu wakauliza.

"Hii dawa ya buluu ya kahawa."

Hatukulijua jina hilo. Sikombe alilirudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu: "M-ru-tu-tu." Nikajua nimekwisha.

Nikanyweshwa maziwa. Nikayarudisha. Nikanyweshwa mengine, yakakaa. Wakati huo wanawake walikuwa wameanza kujitwika vyombo na kushika njia ya mtoni. Nilikuwa nimelala ubavu, nikawaona wakishuka mmoja mmoja. Mtaro wote ule, na mabega ya watu, na Anna, vyote vinashuka kwenda kwenye kwato.

Bwana Afya akamgeukia Tabita. "Mama, ulijua. Ulitaka kusema nini?"

Tabita alikuwa amejifunika uso, amepiga magoti pembeni. Hakujibu. Amelitaja jina mara tatu, na sasa anaona aibu imemfunika, na mbele yangu hawezi kuongeza hata neno moja. Elia akamsihi, Mama Elia akamsihi, akazidi kujifunika.

Nikaelewa nani amemfunga.

"Kuku," nikasema.

"Anaweweseka," akasema Sikombe.

"Kuku! Nileteeni kuku!"

Ndugu zangu, kuku wangu wanaozagaa mpaka sebuleni, leo walipohitajika, hakuna aliyekamatika. Kwaya nzima ikakimbiza kuku. Mchungaji msaidizi akaanguka kwenye mbolea. Mwishowe Sikombe mwenyewe akamdaka jike mmoja mwekundu kwa kofia yake, akaniletea. Nikainuka, ulimi wa buluu, koti la Pasaka limeharibika, nikampelekea mkamwana wangu kwa mikono miwili, naye akampokea akiwa amepiga magoti.

"Mwanangu," nikasema, "kinywa chako kimefunguliwa. Nilipaswa kukufungulia zamani. Sema."

Akasema. Alisema vizuri, bila kuzunguka. Asubuhi alikwenda ghalani kuchukua mpira wa bomba la kahawa auoshe, hakuukuta. Akakuta mpira mpya bado umetundikwa ukutani. Akatazama uani, akaona ule wa kahawa umefungwa kwenye maji. Elia alikuwa ameshaondoka, ndipo akamsemesha kuku ili mimi nisikie.

"Ule wa kahawa mimi huuita utumbo wa yule wa mgongoni, baba," akasema. "Yule wa mgongoni ni lile analobeba Elia, na mpira unaoning'inia ndio utumbo wake."

"Kwa nini hukumwambia Mama Elia kwamba maji yana dawa?" nikauliza. "Neno hilo si jina langu."

Akatazama watu. "Baba, Mzee Sikombe amesema mwezi mzima kwamba maji yana dawa. Na mimi mkamwana niseme kwamba kuna dawa kwenye kikombe cha baba mkwe? Wangesema nani ameiweka?"

Sikombe akatazama kofia yake, iliyokuwa na kinyesi cha kuku.

Tukaufungua mpira ule. Elia akaleta mpya. Bwana Afya akaufunga kwa mikono yake, akaacha bomba wazi maji yamwagike muda mrefu, bonde zima la migomba likalowa. Kisha akakinga kwenye bakuli jeupe, akalionyesha kila mtu. Maji meupe, unaona mchoro wa ua chini ya bakuli. Akataka kunywa.

"Hapana, Bwana Afya," akasema Sikombe. "Wewe mtu wa Serikali, una hospitali yako. Na Yeremia leo hatumuulizi tena."

Nilistahili.

Tabita akamkabidhi Mama Elia kuku. Akamfungua Samweli mgongoni, akampakata. Akalipokea bakuli.

"Mimi nimemzika mmoja kwa maji ya mto," akasema. "Huyu ananyonya kwangu. Ninachokunywa mimi ndicho atakachokunywa yeye."

Akanywa mpaka mchoro wa ua ukaonekana wote. Akakaa chini pale pale karibu na bomba, akamnyonyesha mtoto, watu wote wakimtazama.

Baada ya muda Sikombe akakohoa. "Kwa neno la Bomba nisingeonja hata tone," akasema. "Nipeni hilo bakuli." Akaonja. Akaonja tena. Akasema hayana ladha yoyote, na kwamba hilo nalo linamtia wasiwasi, lakini akajaza kibuyu chake. Wanawake kadhaa waliokuwa bado mlangoni wakarudi. Wengine walikuwa wameshafika mtoni, nikasikia vicheko vyao vikipanda bonde. Hao sijui kama watarudi kesho. Kama hawatarudi, mtoto wao akiumwa, nitajua ni kikombe cha tatu nilichokunywa kwa hasira kilichowafukuza. Bwana Afya amesema atarudi kutazama kabla hajaandika habari za kitongoji cha chini. Mama Elia amezifua soksi zake. Ubuluu haujatoka.

Kuku mmoja, ndugu zangu. Nilikuwa na mabomba, mpwa, mtaro na mlima, nikakosa kutoa kuku mmoja.

Na bado halijaisha. Mchana huu watoto wamepita nje ya ua wakiimba jina langu jipya, alilowafundisha Sikombe. Siitwi tena Mzee Bomba. Naitwa Mzee Mrututu. Punde nikamwona Tabita amesimama mbele yangu, uso wazi, kwa amani, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Baba," akasema kwa adabu, "kesho Elia anapulizia kahawa. Kuku wa kwanza alikuwa wa jina la zamani. Hiyo dawa sasa niiite nini?"

Nikatazama uani. Jogoo alikuwa amesimama karibu na bomba.

"Mkamate yule," nikamwambia, "kabla hatujaanza tena."

Basi naomba msinicheke. Na kama mtacheka, kwanza mkatazame mpira wa bomba lenu umetoka ghala lipi. Mungu ambariki kila asomaye haya na kila anayesomewa. Aibariki chemchemi anayochota na mtungi anaouweka ndani, awalinde watoto wanywao humo, na amfungulie kinywa yule wa nyumbani mwake ambaye ana neno la kumwambia lakini hajaruhusiwa kulisema. Amina.